Seli Zilizonyimwa Sukari

Ujerumani, 12 Januari 2025

Baba mpendwa, au niseme mwanangu,

Jirani yako Shamso akikupa karatasi hii, keti kwanza. Si habari mbaya. Nataka tu uisome ukiwa umetulia na miwani umeifuta, si ile tabia yako ya kusoma umesimama mlangoni huku ukimsalimia kila apitaye.

Unakumbuka ile damu niliyokutoa Agosti nilipokuja, ukalalamika kwamba umenisomesha miaka yote hiyo nije niwe mbu? Basi leo damu hiyo imepiga.

Ngoja nieleze. Hapa maabara tulichukua seli za damu yako, yaani vile vipande vidogo kabisa vinavyoujenga mwili, tukazifanya zisahau kwamba ni damu. Zikarudi nyuma mpaka zikawa changa, kama za mtoto aliye tumboni ambaye bado hajaota mkono wala jicho. Seli ikiwa changa namna hiyo hufundishika, nami nikazifundisha kuwa msuli wa moyo. Leo asubuhi nimeinama kwenye hadubini nikaona kipande kisichofika hata punje ya wimbi kikikaza na kulegea, kikikaza na kulegea, na hakuna aliyekigusa. Nililia hadi mkubwa wangu akadhani nimemwaga kitu.

Ile sehemu ya moyo wako iliyokufa mwaka juzi ikabaki kovu, daktari alikwambia haioti tena. Ndiyo maana watu wanahangaika na kazi hii. Wanataka kutengeneza msuli mpya kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, waubandike pale palipokufa.

Simu najua haikufai, masikio yako uliyaacha Kariobangi kwenye nyundo na mabati. Kwa hivyo nitakuandikia, nimtumie Shamso kwa simu, naye atachapisha saiba, kwenye duka la kompyuta. Meza dawa zako za kutoa maji mwilini. Chumvi uiache.

Ndinda, mamako


Shauri Moyo, 26 Januari 2025

Mwaitu,

Nimeisoma barua yako hadi karatasi ya saiba imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nilipokupa jina la mama yangu nikawa nakuita Mwaitu, yaani mama, kama desturi yetu Wakamba, majirani hapa walicheka. Mwanamume mzima anamwita mtoto wa kunyonya mama! Sasa wacheke tena. Umenizaa. Umechukua damu ya mzee ukaifanya mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe anapiga teke.

Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia mchungaji, nimemwambia yule wa kunikatia maini pale soko la Burma, nikaenda mpaka Kariobangi kwa vijana walioshika kibanda chetu mimi na marehemu Mutunga. Wao bado wanatengeneza masanduku ya shule, ila mikono yao ni mizito. Mmoja akaniandikia kwenye simu kwa herufi kubwa nisome: "Niaje buda! Kumbe uko na moyo ya spea majuu?" Nikamwambia ndiyo, iko Ujerumani inapashwa moto.

Sasa nina maswali. Mmempa jina? Mtoto hakai bila jina. Anakula nini? Na mimi nitakuja lini nibandikwe, au ninyi ndio mtakaoleta? Usidhani nina haraka. Niko sawa kabisa. Miguu huvimba kidogo jioni lakini hayo ni mambo ya viatu. Siku hizi nalala kwenye kiti kwa kuwa nimependa kukaa hivyo.

Shamso atapiga hii picha akutumie. Yeye ni mtu wa heshima, huangalia pembeni akipiga, na matokeo yake ni kwamba ukurasa wa pili mara nyingine hukosa kichwa.

Mimi babako na mwanao,
Mativo


Ujerumani, 9 Februari 2025

Baba,

Viatu havina hatia. Miguu ikivimba mwambie daktari, na hayo ya kulala kwenye kiti umwambie pia, usimfanyie utani kama unavyonifanyia mimi.

Jina hazina, zina namba tu, ndiyo sheria ya hapa. Lakini nikifika asubuhi kabla ya wengine nazisalimia kwa jina lako. Zinakula maji yenye rangi ya waridi. Humo mna sukari na chumvi na vitu vingine vya bei kali kuliko chochote ninachokula mimi.

Nikuchekeshe kidogo. Si zote zilizokubali kuwa moyo. Nyingine zilikuwa na utundu zikageuka vitu vya ovyo ovyo, mara nyuzi, mara ngozi ngozi. Lakini iko njia ya kuzichuja: tunaziondolea sukari. Zile za ovyo haziwezi kuishi bila sukari, zinakufa. Za moyo ni ngumu, zinastahimili. Nimezinyima tangu Jumatatu, na sasa sahani ninayozikuzia imekuwa safi na inapiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Ungeiona ungejivuna.

Kuhusu kuja kubandikwa, hayo yana utaratibu mrefu, baba. Tutazungumza. Huku ni barafu tupu na kibali changu cha kukaa kinafanywa upya, kwa hivyo kwa sasa siwezi kutoka, nikitoka sirudi. Usiwe na wasiwasi.

Ndinda


Shauri Moyo, 9 Machi 2025

Mwaitu,

Barua yako nimeielewa. Hukusema waziwazi lakini mimi si mjinga, nimeelewa ulichokuwa unanifundisha. Sitasema zaidi. Nataka ukija ushangae mwenyewe.

Utaratibu mrefu haunitishi. Nyinyi mnatayarisha huko, nami najitayarisha huku.

Wiki iliyopita Shamso alianza kufunga Ramadhani, nikamwambia mwaka huu nitamsindikiza. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniandikia nyuma ya kalenda: "Mzee wa kanisa akifunga Ramadhani, malaika wataandika kwenye kitabu gani?" Nikamwambia waandike popote, mimi kazi yangu ni kufunga. Basi jioni ananiletea sahani kabla hata yeye hajaonja. Ana moyo mzuri, na huo ni wa asili, haukutoka kwenye sahani.

Nilikwenda kliniki. Nesi alinipima, uzito umeshuka, akafurahi. Aliniandikia: "Vizuri sana mzee, maji yanatoka." Nikatabasamu tu. Yeye hajui tunachojua mimi na wewe.

Mwanao,
Mativo


Ujerumani, 17 Machi 2025

Baba,

Fupi tu, kwa sababu niko kwenye foleni ya ofisi ya wageni kwa siku nzima na simu inakaribia kuzima.

Uzito umeshuka! Hujui nilivyofurahi. Nilisoma mstari huo kwa Kiswahili kwa sauti, wazungu wakageuka. Maji yakitoka moyo hupumua. Chochote unachofanya, baba, endelea nacho hivyo hivyo.

Ndinda


Shauri Moyo, 2 Aprili 2025

Ndinda mdogo wangu,

Asalaam alaikum. Hii ni mimi, Shamso, si mzee. Hajui kwamba nakuandikia.

Idd ilipofika nilimpelekea pilau na halua. Akashukuru, akaweka pembeni. Nikamwandikia kwenye kalenda: Ramadhani imeisha mzee, kula. Akacheka akasema, "Yako imeisha. Yangu bado." Nikadhani ni utani wake. Nikamshika mkono nimvute mezani, mkono ukaniogopesha. Ndani ya ile sweta hamna kitu, Ndinda. Ni mfupa na ngozi. Miguu ndiyo imejaa, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Ndiyo maana hatukuona. Juu amekwisha na chini amevimba, na sweta na blanketi vimeficha kote kuwili.

Nilimuuliza kwa nini. Akafungua sanduku lake la bati akatoa barua yako ya Februari, akapitisha kidole chini ya maneno nisome. Zile za ovyo zinakufa bila sukari, za moyo zinastahimili. Akaniambia, "Namsafisha moyo. Vingine vyote viondoke, abaki yeye." Anajinyima sukari, anajinyima ugali, anajinyima chai. Mchana wote wa Ramadhani mimi nilijua amefunga na mimi, na jioni sahani nilizompelekea alikuwa anawapa watoto wa nyumba ya pili. Wao waliniambia jana. Walidhani mzee ni mkarimu.

Barua zenu sikuwahi kuzisoma. Nilipiga picha nimegeuza uso, nikachapisha nikakunja, nikasema mambo ya baba na binti hayanihusu. Heshima hiyo naijutia leo. Ningesoma mstari mmoja tu ningejua.

Nimemwambia ale, hataki. Anasema daktari wake ni wewe, na umemwandikia aendelee hivyo hivyo. Niambie nimwambie nini.

Shamso


Ujerumani, 2 Aprili 2025

Baba,

Kula.

Nakuandikia kama Mwaitu, si kama Ndinda. Ulinipa jina la mamako, na mama akisema kula, mtoto anakula. Shamso amesimama hapo na kikombe. Kunywa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nilichoandika Februari kilikuwa cha sahani. Sahani haina tumbo, haina mikono, haina mguu wa kuipeleka chooni. Wewe ni mtu mzima, ukikosa chakula moyo wako hausafiki, unaliwa pamoja na vingine. Na hata zile za sahani sikuziacha na njaa. Niliondoa sukari nikatia chakula kingine ambacho seli za moyo zinakiweza. Sikukuandikia hilo kwa sababu niliona ni maelezo mengi na nilitaka ucheke tu. Ee baba, nilitaka ucheke tu!

Na jambo la pili, ambalo nimelizungukazunguka tangu Januari. Hakuna kiraka kinachokuja kwako. Wako wagonjwa wachache sana waliobandikwa, wanachunguzwa bado, na mimi sina mlango wa kukuingizia humo. Hizi zako ni za kuchunguza tu, hazitatoka maabara. Msuli mpya una mwendo wake. Unakumbuka wewe na Mutunga mlivyokuwa mkipiga karatasi moja ya bati, mmoja huku na mwingine kule? Mmoja akipoteza mwendo karatasi inapinda. Moyo nao ukipigwa kwa miendo miwili mtu anaweza kufa papo hapo. Bado tunajifunza jinsi ya kuzifundisha seli mpya zifuate mwendo wa moyo wa mwenyewe. Labda itakuwa kwa watu wa baadaye.

Nakaa na moyo wako mbele yangu kila siku na siwezi kukupa. Nimesoma miaka yote hii nikaweza kuukuza, kuuleta nyumbani siwezi. Nasumbua ofisi ya kibali kila asubuhi, kila asubuhi wananiambia ningoje.

Kula, mwanangu. Nakuomba.

Mwaitu wako


Shauri Moyo, 6 Aprili 2025

Mwaitu,

Nimekula. Shamso alisimama mlangoni kama askari jela mpaka kikombe kikaisha. Chai ya maziwa na sukari, na uji, na yai. Ilikuwa tamu hadi nikaona aibu.

Usilie kwa sababu yangu. Mimi nilidhani unaniambia kwa mafumbo, kwamba wakubwa wako hawaruhusu siri ya dawa itoke, ndipo ukaipitisha kwenye kichekesho. Nikasema huyu binti ana akili kweli. Kumbe kilikuwa kichekesho.

Hilo la kiraka nililijua kidogo. Uliposema utaratibu mrefu nilijua, maana ndivyo nilivyokuwa nikimwambia marehemu mamako Mukai akiniuliza nyumba ya Machakos itaisha lini. Lakini nilitaka kitu cha kufanya. Dawa unameza, inaisha. Kliniki unapimwa, unarudi. Halafu unaketi kwenye kiti na kutazama miguu yako ikivimba kama si yako. Nimepiga bati maisha yangu yote, sijui kukaa bure. Kufunga niliweza. Nilipokuwa na njaa nilihisi kwamba na mimi niko kazini, pamoja na wewe, kwenye meza moja.

Mkono unachoka, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Swali moja tu. Zile za sahani, umezirudishia sukari? Kama bado, zirudishie. Sasa mimi najua inavyokuwa.

Mativo


Ujerumani, 11 Aprili 2025

Dada Shamso,

Ujumbe wako nimeupata. Kwamba amelazwa, kwamba mapafu yamejaa maji, kwamba daktari amesema mwili hauna nguvu ya kuhimili dawa kali. Na kwamba ulimwonyesha barua yangu ya jana akasema herufi zinaogelea.

Nilikuwa nimemwandikia ukurasa mzima. Sasa hasomi, na kusikia hasikii. Nimekaa hapa na maneno yote haya na hakuna pa kuyaingizia. Nilitaka tu kumjibu swali lake.

Kibali hakijatoka. Naondoka hata hivyo, kesho. Wakinifungia mlango nyuma waufunge.

Lakini kesho ni mbali. Kwa hivyo nakuomba kitu. Nimekutumia video. Ni zile za sahani, nilizirekodi leo asubuhi, zimerudishiwa sukari. Utaona kitu cheupe kama utando wa maziwa kikikaza na kulegea. Kaa karibu naye. Shika kiganja chake, tazama video, na umpigie kiganjani kwa kidole jinsi zinavyopiga. Usiongeze, usipunguze. Yeye ni mtu wa nyundo, atajua.

Nisamehe kukutuma kazi ya ajabu. Sina nyingine ninayoweza.

Ndinda


Nairobi, 12 Aprili 2025

Ndinda mdogo wangu,

Nakuandikia ukiwa angani. Utaisoma simu ikishika mtandao, kwa hivyo kabla hujaendelea tafuta mahali ukae.

Nilifanya ulivyosema. Nesi alinipa kiti. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya maji, nikachukua kiganja chake, na bado ni kigumu, zile alama za bati ziko zote. Nikaanza kupiga.

Mwanzoni alikunja uso. Halafu akasema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, wodi yote ikageuka, "Mutunga, taratibu!" Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwa nimeharakisha kweli. Nikaitazama video vizuri, nikashika mwendo.

Akatulia. Akafungua macho akaniangalia, akaangalia simu, sijui aliona nini. Akasema, "Aa. Mwaitu." Nikamfinya kidole, ndiyo. Baadaye akauliza, "Wamekula?" Nikamfinya tena. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake.

Video yako ni fupi. Ilipoisha niliianzisha tena, na tena. Mkono ulipokufa ganzi niliacha kidogo niunyooshe, akakitafuta kidole changu kwa mkono wake akakirudisha kiganjani. Nikaendelea. Nilikuwa natazama simu, Ndinda, simtazami yeye, kwa sababu uliniambia nisipoteze mwendo. Kwenye simu kilikuwa kinapiga vizuri. Niliendelea hivyo mpaka nesi akaja akanishika bega. Akakitoa kidole changu kiganjani yeye mwenyewe, taratibu, akaizima video.

Innalillahi. Poleni sana. Nasema poleni kwa kuwa wewe ni binti yake na ni mama yake, sijui mko wangapi.

Utanikuta kwenye mlango wa kutokea abiria, nimevaa mtandio wa kijani. Najua hujala kitu tangu jana. Nimekuja na chupa ya chai. Ina sukari, usinikatalie.

Shamso